Moyo Hausikilizwi Juu ya Nguo

Nimefundisha kusikiliza moyo hapa Garissa miaka kumi na minne, na sijaona wanafunzi wanaoogopa kifua cha mgonjwa kama hawa wa sasa. Kila mmoja ana stetoskopu iliyounganishwa na simu. Wanaibandika, wanasubiri, halafu wanasoma kioo cha simu kama watu wanaongojea matokeo ya mpira. Masikio wameyaacha bwenini.

Asubuhi hiyo tulisimama kwenye kitanda cha mwanamke mwenye mimba ya miezi saba. Alitoka Hadado akaolewa hapa mjini, mtaa wa Galbet. Alikaa wima, maana akilala pumzi zinamkatika. Alikuwa anatibiwa pumu, na siku hiyo ndiyo alikuwa aruhusiwe kwenda nyumbani. Kando yake alikaa mama mkwe wake, tasbihi mkononi, akitutazama mmoja mmoja.

Mwanafunzi wangu hodari, yule anayejua kila programu mpya, akabandika chombo chake juu ya buibui. Ndiyo mtindo wao. Mwanamume kuomba kifua cha mke wa mtu hapa ni kazi, inataka maneno na subira, kwa hiyo wanaacha nguo ilipo na kuiita heshima. Simu ikaandika kwa kijani: kawaida.

"Yuko sawa, mwalimu. Aende tu."

"Ebo! Umesikiliza moyo au umesikiliza kitambaa?"

Akanieleza kwamba mashine ina akili. Nikamuuliza yake je, amemwazima nani?

Nyuma yao alisimama mwanafunzi mwingine, binti aliyekulia kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, mpole kupita kiasi. Nilishamkatia tamaa zamani, nikimwona mzito. Akapenya, akachuchumaa mbele ya mama mkwe, akasema, "Hooyo," yaani mama, kisha akamweleza kwa Kisomali, taratibu, bila haraka yoyote. Yule mama akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Pazia likavutwa, wanaume tukabaki nje.

Binti, kama alivyotueleza baadaye, akamlaza mgonjwa ubavu wa kushoto, akapitisha mkono chini ya shuka, akaweka stetoskopu ya kawaida kwenye ngozi, bila kuikandamiza. Tulingoja sana. Hatimaye akasema, "Mwalimu, kuna mngurumo wa chini, kila baada ya sauti ya pili ya moyo."

Nikaomba ruhusa nami, nikasikiliza. Wallahi ulikuwepo! Vali ya moyo ilikuwa imebana, na mimba ilikuwa inazidi kuuelemea. Tungemrudisha nyumbani na dawa ya pumu, uchungu ungemkuta huko, na mapafu yangejaa maji kabla mtoto hajalia. Nikafuta ruhusa yake, nikaagiza dawa ya kupunguza maji na gari la kumpeleka kwa wataalamu wa moyo.

Kisha nikawageukia wanafunzi wangu, nikawamwagia yote. Wavivu! Watumwa wa betri! Nikawauliza kama hata harusi zao wataiachia mashine. Nilikuwa bado sijamaliza mama mkwe aliponyoosha mkono, akasema kwa Kiswahili chenye lafudhi ya Kisomali:

"Daktari, wacha watoto. Wiki iliobita ni wewe ulimbima. Juu ya nguo hii hii."

Nikafungua faili, ukurasa wa kwanza: pumu, moyo safi. Mwandiko ulikuwa wangu, na sikuwa na simu ya kusingizia.