Wamempiga Pasi Mama Ludi

Nina ugomvi na wewe. Kila nikiandika hapa kuhusu filamu ya zamani iliyotolewa upya, unashuka kwenye maoni na swali lilelile: picha iko safi? Sauti wameisafisha? Huulizi filamu inahusu nini. Huulizi nani aliimba. Na nyimbo zenyewe unaziruka, usinidanganye, wengine mmejisifu humu humu kwamba mnapeleka mbele mpaka watu waanze kuongea. Filamu ya nyimbo, halafu unaruka nyimbo. Si bora usikilize taarifa ya habari tu.

Leo kaa chini. Nakupa habari za mpiga pasi.

Mtaani tunamwita Mama Ludi. Anafanya kazi kwa dobi, kwenye chumba cha nyuma ambacho ukifungua mlango mvuke unakupiga usoni. Anapiga pasi amesimama. Kiti kipo, ila amekirundikia mashati. Mwenye duka alimnunulia chupa ya kunyunyizia maji, chupa imekaa dirishani mpaka imefifia rangi, kwa sababu yeye anajaza maji mdomoni na kuyapuliza. Yanatoka kama ukungu, kutoka kola mpaka pindo, pumzi moja. Wateja wenye kinyaa wanaambiwa wasubiri mbele.

Jina la Ludi alipewa kwa kejeli. Yeye na herufi R hawajawahi kuelewana. Watu wazima na akili zao wanapeleka nguo pale ili tu wamuulize shati lina rangi gani. Anawajibu "langi ya pesa yako, lipa uondoke", wanacheka, wanalipa.

Sasa filamu. Unaijua, hata kama hujaiona: yule binti anayekata tiketi stesheni, anampenda mpiga tarumbeta, tarumbeta linapanda treni, binti anabaki dirishani anaimba. Wimbo wa tatu. "Rudi, taa bado inawaka." Anasema rudi mara kadhaa, vizuri kabisa, halafu ile ya mwisho, ya juu, ndefu, inatoka "ludi". Nchi nzima ilishikwa na wazimu. Watu waliandikiana ludi kwenye kadi, wakapaka ludi nyuma ya malori. Nyota wa filamu aliulizwa redioni akasema ni madoido yake, alijisikia tu kuremba. Akaitwa Bibi Ludi mpaka anakufa.

Mama Ludi anasema sauti ile ni yake.

Amesema hivyo tangu ujana wake. Anasema alikuwa mpiga pasi wa nguo za waigizaji. Mwimbaji aliyekodiwa aligombana na watu wa filamu akaondoka na sauti yake, na mkuu wa muziki akamsikia binti anaimba chumba cha pasi. Wakamwita aje hivyo hivyo, na jasho lake. Mkuu wa muziki akamkalisha na ile R mpaka ulimi ukauma. Ilipofika rudi ya mwisho ulimi ukamponyoka. Mkanda wa kurekodia ulikuwa umebaki kidogo, wakaacha hivyo hivyo. Jina lake halikuandikwa popote.

Na anaongeza jambo moja, kila mara, hata ukimwambia umeshalisikia. Alipoitwa aliacha pasi ya mkaa juu ya gauni la njano. Aliporudi gauni lilikuwa limeungua pajani. Hakukuwa na lingine. Ndiyo maana, anasema, kwenye ngoma ya stesheni inayofuata baada ya wimbo, nyota anacheza ameubana mkoba pajani kwa mikono miwili. Ule uchezaji wa mkoba ambao shangazi zako wanaufanya harusini mpaka leo ulitokana na kuficha doa la pasi.

Tatizo ni kwamba hakuna aliyewahi kuliona hilo doa. Kanda zilizokuwa majumbani zilikuwa nakala ya nakala. Gauni lilionekana kama kiini cha yai kinachotembea. Na ukisema mbona na yeye anasema ludi, unajibiwa kwamba ameiga filamu. Hilo ndilo linalouma zaidi. Kosa la ulimi wake lilichukuliwa na mwenzake, halafu yeye akaonekana ndiye mwizi.

Anayeumia zaidi ni binti yake, msusi, mwenye saluni pale kona. Utotoni aliirudia hadithi ya mama yake shuleni kwa kifua mbele. Nani hakumcheka. Aliitwa Mtoto wa Ludi miaka yote ya shule, akaimbiwa, akavutwa sketi. Akaacha kuisimulia. Baadaye akaacha kuiamini.

Juzi juzi wakwe zake walikuja kumtembelea. Mama Ludi akawapa hadithi yote, pasi, gauni, mkoba. Wakwe wakamsikiliza kwa ile heshima inayotisha, halafu mmoja akamwomba aimbe kidogo. Wakatazamana. Msusi alikuwa amesimama na sinia la vikombe. Alilirudisha jikoni likiwa bado limejaa.

Wiki hiyo hiyo likatoka toleo maalumu la filamu ile. Sanduku gumu, diski mbili, kijitabu cha picha. Msusi alilinunua, na usidhani alimnunulia mama yake zawadi. Alikwenda mpaka kwa dobi akaliweka juu ya meza ya pasi na kumwambia hivi, mwenye duka alisikia: "Mama, tutaiangalia yote, mimi na wewe na mjomba. Kikionekana chochote cha kuonyesha ulikuwepo, nitakuomba msamaha mbele ya mtu yeyote utakayemtaka. Kisipoonekana, hii hadithi inaisha. Hata kwa wateja."

Mama Ludi aliinua pasi asiunguze shati. Akasema sawa.

Mimi niliitwa kwa sababu moja tu, nina deki. Kompyuta za siku hizi hazina hata pa kuingizia diski. Nilifika kwao Jumapili mchana na waya zangu kwapani, nikakuta viti vimeshapangwa kama vya kikao cha kusuluhisha ndoa. Mama Ludi alikuwa mezani, amevaa blauzi iliyonyooka mpaka inaogopesha. Msusi kashika rimoti. Mjomba, mdogo wake Mama Ludi, fundi wa kuchomelea mageti, alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuongea. Akamwuliza dada yake kama na farasi kwenye filamu alikuwa ni yeye. Hakuna farasi kwenye filamu. Hakuna aliyecheka, akaanza kutafuta pa kuweka mikono.

Wakati naunganisha waya Mama Ludi aliniomba nimsomee nyuma ya sanduku. Nikasoma. Picha imefanyiwa kazi upya kutoka mkanda wa asili. Sauti imesafishwa, kasoro zote zimeondolewa.

"Kasolo gani?" akauliza.

Nikarudi kwenye waya zangu.  Unajua Mama Ludi alichokuwa anakitegemea? Alinieleza baadaye. Aliamini sauti ikiwa safi, bila ule mkwaruzo wa kanda, binti yake ataisikia ludi ile na kuitambua mwenyewe, kwa sababu ndiyo iliyomwita kutoka uwanjani kila jioni ya utoto wake. Ludi nyumbani. Alikuwa ameweka kila kitu juu ya neno moja.

Filamu ikaanza. Majina yakapita, Mama Ludi hakuyatazama, anayajua. Nyimbo zimeimbwa na nyota, yakasema maandishi. Msusi akamtupia mama yake jicho, akarudisha kwenye tivii.

Picha ilikuwa nzuri, nakupa haki yako. Mbao za stesheni unaziona mistari. Vumbi kwenye kioo cha dirisha la tiketi unaliona. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita, mjomba alitikisa mguu akajikuta peke yake akauacha. Mama Ludi alikuwa ameanza kunyoosha kitambaa cha meza kwa kiganja. Kutoka katikati kwenda pembeni, katikati kwenda pembeni. Kitambaa hakikuwa na kunyanzi hata moja.

Tarumbeta likapanda treni. Binti akaja dirishani. Msusi akaongeza sauti.

Rudi, taa bado inawaka. Sauti ilikuwa karibu kama mtu yumo ndani ya kabati. Rudi. Nilimsikia mwimbaji akivuta pumzi. Rudi. Nikajikuta na mimi nimeacha kupumua, maana ilikuwa inapanda, inapanda kwenda kule juu, mjomba ameinama mbele, msusi kainua kidole kama anayesubiri kengele.

Rudi.

R nzuri. R ya mtangazaji. Imekaa pale safi kama sahani ya hotelini.

Kiganja kilisimama juu ya kitambaa.

Wimbo ukaisha. Mjomba, ambaye nakwambia amemtania dada yake maisha yake yote, alitazama viatu vyake. Msusi hakuonekana kufurahi. Nilidhani atafurahi. Alisema taratibu, "Basi, mama," akanyoosha rimoti azime.

"Acha kwanza," mjomba akasema. "Tumwone na mkoba wake. Tumekuja mpaka hapa."

Alitaka tu kupoza mambo, yule. Ngoma ya mkoba ndiyo anayoicheza yeye kwenye kila harusi, na ana tumbo. Msusi akashusha mkono. Hakuwa akiangalia tena, alikuwa anakusanya vikombe.

Kwa hiyo aliyeona kwanza ni mimi na mjomba. Nyota anacheza ukumbi mzima wa stesheni, mkoba umebanwa pajani, mikono miwili, kama tunavyomjua. Treni inapiga honi. Anageuka kuipungia. Anainua mkono mmoja, mkoba unaning'inia, unasogea. Unarudi. Ni kufumba na kufumbua.

Mjomba akasimama. "Rudisha."

Msusi akauliza nini. Akamwambia rudisha nyuma, kidogo, hapo, simamisha.

Picha ikaganda. Gauni la njano, unaona mpaka nyuzi. Pajani, palipokuwa na mkoba, kuna alama ya kahawia. Chini pana, juu imechongoka. Hata mtoto asiyejua kusoma angekwambia ni nini ile.

"Huo ni mdomo wa pasi, dada," mjomba akasema. Sauti ilikuwa siyo yake.

Msusi aliweka vikombe chini sakafuni, akaenda mpaka kwenye tivii, akapiga magoti. Akaweka kidole kwenye kioo akaizungusha ile alama pembeni yote, polepole, anavyopima mstari wa nywele kabla ya kuanza kusuka. Akazungusha tena. Alizungumza bila kugeuka.

"Wakati hiki kinaungua ulikuwa unaimba?"

"Ndiyo."

"Mbona hukuniambia..." Akakatisha mwenyewe.

"Nilikuambia," mama yake akasema.

Ule msamaha wa mbele ya watu haukusemwa siku hiyo. Sijui kama umeshasemwa. Nilichokiona ni kwamba msusi alibaki pale chini muda mrefu, mgongo kwetu, na mama yake akawa anaitazama ile alama kwa jicho la kazi. Akasema moto ulikuwa mkali na angetanguliza kitambaa kibichi, lakini walimwita kwa haraka. Baada ya miaka yote hiyo, bado gauni linamsumbua.

Halafu msusi akaurudisha wimbo. Akausikiliza. Akaurudisha tena. Sasa alikuwa anamtafuta mama yake humo ndani, na ukikaa pale unamwona anavyotafuta, shingo imepinda, jicho limefungwa. Kila ikifika rudi ya mwisho anatikisa kichwa.

"Huyu siyo wewe," akasema.

"Ni mimi," Mama Ludi akamjibu. "Wamenipiga pasi."

Mjomba ndiye aliyeanza kucheka, akafuata msusi, akicheka na kulia kwa pamoja mpaka nikatoka nje nikijifanya naangalia waya.

Nimeuliza kila ninayemjua. Zote zinazouzwa sasa ni hii iliyosafishwa, na kwenye mtandao wamepandisha hii hii. Kanda ya nyumbani kwa Mama Ludi iliazimwa zamani haikurudi. Picha safi imemrudishia heshima yake, nakubali, umeshinda hapo. Lakini sauti safi imemfuta binti wa watu kwenye sehemu pekee aliyokuwa yeye mwenyewe, na mwanawe, aliyeikimbia ludi ile utoto mzima, sasa anaitafuta pale saluni kwake akiwauliza wateja wakiwa chini ya mikono yake.

Kwa hiyo leo usiniulize kama picha iko safi. Nenda kaangalie juu ya kabati, chini ya kitanda cha bibi, kwenye lile boksi mlilofunga kamba. Ukiikuta kanda ya zamani ya filamu hii, hata ikiwa na ukungu, hata ikiwa imerekodiwa juu ya harusi ya mtu, niandikie hapa chini. Usiisafishe. Iache ilivyo, utuletee.