Mbegu ya Ulezi Haisagwi

Siku moja naikumbuka, mwanangu: siku niliyosaga mbegu ya ulezi.

Nilikuwa nimeolewa kijijini Vuhovi, mwaka wa pili tu. Mama mkwe alikuwa amenikabidhi kikapu cha mbegu, kile kinachoning'inia juu ya moto jikoni ili moshi ufukuze wadudu. Kwetu mke hupewa kikapu hicho hata kabla ya kuonyeshwa shamba lake. Mimi nilikiona uchafu. Wenzangu walikuwa wakipika mchele na unga mweupe wa mahindi kutoka mjini Butembo. Ulezi, walisema, ni wa wazee wasio na meno. Basi ulipofika ubatizo wa binti yangu Masika, nikausaga wote, tukachachushia pombe ya ndizi. Wageni walinisifu, nami nikavimba kichwa. Jirani yangu akaniiga, naye akasaga yake.

Kisha mvua ikakataa. Mahindi yangu yalifika magotini yakakauka. Ulezi ungevumilia jua lile, lakini ulikuwa umeishia matumboni mwa wageni. Maziwa yangu yakapungua, Masika akawa mwepesi mikononi. Niliogopa, mwanangu. Niliogopa hata kumtazama akisinzia.

Mama mkwe hakunigombeza, na hilo liliniumiza zaidi. Alikwenda kwa miguu mpaka Alimbongo kwa dada yake, akarudi na bakuli moja la ulezi, akaliweka kati yetu.

"Tunapika ao tunapanda?" akauliza.

"Mama, mutoto analia."

"Nasikia. Lakini tukikula hii leo, kesho atalia tena, na hatutakuwa na kitu ya kumupa."

Tulipanda. Masika alikuwa mgongoni mwangu akilia, na kila konzi niliyorusha niliona nimeitoa kinywani mwake. Tuliishi kwa viazi vitamu vya kuomba mpaka mavuno. Masika alivuka. Mtoto wa jirani hakuvuka. Nilimsindikiza mama yake makaburini nikishindwa kumtazama usoni, maana nilijua alijifunza kwa nani.

Sasa naogopa kuliko wakati ule. Zamani tuliujua mwezi wa mvua. Siku hizi inakuja inavyotaka, inabomoa kilima au inatuachia vumbi. Watu waliokimbia vita upande wa Beni wanakuja kutuomba mbegu, nami nikipita nyumba kwa nyumba naona jikoni hakuna kikapu.

Kula mchele wako, sikukatazi. Lakini kila mavuno tenga mbegu kwanza, ndipo uwashe moto, na hata ukibaki na kipande kidogo cha udongo, usiache kupanda ulezi. Mgeni akikucheka kwa kukosa pombe, mwache acheke. Akiba haiozi, na majuto ni mjukuu. Mungu akupe mvua kwa wakati wake, mwanangu, na asikufikishe siku ya kuchagua kati ya shamba na kinywa cha mtoto wako.