Tiyo Iliyozidi Shibiri Moja

Katika kazi yangu ya injini za mazutu, yaani dizeli, hapa Kindu nimejaribu karibu kila uongo ambao mafundi huambizana. Chukua tiyo, lile bomba jembamba la chuma linalotoa mazutu kwenye pampu na kuyapeleka kwenye injekta. Walisema ikipasuka uipake sabuni ya kufulia, itashika. Nilipaka. Sabuni ilirukia ukutani kabla sijashusha mkono. Walisema ufa hutafutwa kwa kupitisha kidole juu ya tiyo injini ikinguruma. Hilo alilijaribu mwenzangu wa karakana ya reli, si mimi. Mazutu yalimwingia chini ya ngozi kama sindano, tundu hata halikuonekana, na baada ya siku chache kidole kilikatwa. Tangu hapo natafuta ufa kwa kipande cha katoni, na anayenicheka namwambia ahesabu vidole vyake vizuri.

Imani moja tu sikuijaribu kwa miaka mingi: kwamba tiyo zote za injini moja lazima ziwe na urefu sawa, la sivyo injini itakufa njiani. Niliifundisha kwa ukali, na nani angenibishia? Reli ndiyo iliyonilea. Pale karakana tulipima kila tiyo kwa uzi, kutoka nati hadi nati, tukafunga fundo, na tiyo isiyolingana na fundo ilitupwa. Mafundi wa boti za mto wao walifunga chochote ambacho nati yake iliingia. Tuliwaita washona viraka, tena mbele yao.

Ikaja vita. Treni zilikoma, mji ukazibwa pande zote, na chumvi ikawa kitu cha kusimuliwa. Dada yangu mkubwa, niliyemwita yaya, alikuwa mjane mwenye binti wa miaka sita. Wakwe zake walikaa upande wa chini wa mto, kijijini, ambako mihogo na samaki bado vilikuwepo. Boti moja ya mbao ilikuwa tayari kushuka huko, lakini fundi wake alikuwa amekimbia, na injini haikuwaka. Mwenye boti, mfanyabiashara wa mchele asiyejua hata nati inafungwa upande gani, akaniita mimi.

Injini ilikuwa ya silinda mbili, na tiyo moja ilikuwa na ufa. Pale ukingoni palikuwa na lori bovu. Nikafungua tiyo yake, nikaijaribu kwenye nati, ikaingia vizuri kabisa. Kisha nikatoa uzi wangu. Ilizidi shibiri moja.

Nikasema haifai. Mwenye boti aliguna, lakini neno la fundi wa reli lilikuwa neno. Siku tatu nilizunguka mji kutafuta tiyo ya halali, na siku tatu watu walikaa ukingoni juu ya mizigo yao. Siku ya tatu dada yangu alinifuata, mikono kiunoni.

“Mudogo yangu, ile tiyo ya lori iko wapi?”

“Iko pale, yaya. Lakini haifai.”

“Umeijaribu?”

“Haijaribiwe. Injini itakufa katikati ya mto, maji iwapeleke. Sisi watu wa reli hatufanye vile.”

“Reli yenyewe iko wapi leo?”

Watu wote pale ukingoni wakacheka. Ni aibu kuandika hili, lakini ndivyo ilivyokuwa: kicheko kile ndicho kilichonifunga. Hapo kabla labda ningelegea. Baada ya kuchekwa, hata angekuja nani, nisingeigusa tiyo ile.

Asubuhi iliyofuata alimleta binti yake nyumbani kwangu. Alisema anakwenda na wanawake wengine kwa miguu, wafuate reli mpaka upande wa Kibombo, ambako mchele ulisemekana bado upo. Atarudi kabla ya juma kuisha. Wanawake wawili ndio waliorudi. Walisema risasi zililia, kila mtu akakimbilia upande wake msituni, na dada yangu hawakumwona tena. Hatuna kaburi lake. Boti iliozea palepale ilipofungwa.

Mpaka leo nikiona mwanamke anatembea juu ya mataruma ya reli, mzigo kichwani, nasimama. Namngoja mpaka afike karibu, uso wake uonekane. Wengine hunisalimu, wengine huniogopa. Wana haki.

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Mimi wajukuu wangu mwenyewe sina, ila majuto ninayo ya kutosha ukoo mzima. Na ndiyo sababu imani ile sikuijaribu. Niliihitaji iwe kweli. Ikiwa ni kweli, basi nilimwokoa dada yangu na maji. Ikiwa ni uongo, mimi ndiye niliyemtuma kwenye reli ile.

Binti niliyeachiwa nimemlea, na sasa ana watoto wake na mashine yake ya kukoboa mpunga. Mwaka huu tiyo ya injini yake, ya silinda tatu, ilipasuka. Alizunguka madukani akarudi na moja tu. Nikatoa uzi. Ilizidi shibiri na kidole. Nikaanza hotuba yangu.

“Mujomba, funga tu,” akasema. “Ingine hakuna. Wamama wananingojea na mupunga yao tangu asubui. Ikikufa, itakufia humu ndani. Hakuna mutu atazama.”

Nikaikunja ile sehemu iliyozidi taratibu, nikafunga nati ya pampu, nikailegeza ile ya injekta mpaka hewa yote ikatoka na mazutu yakaja bila mapovu. Nikakaza. Injini ilikohoa, ikatoa moshi mweupe, ikashika. Silinda ile iligonga kidogo, basi. Nilikaa kando yake juu ya gunia nikiomba ife. Ndiyo, niliomba ife. Ilikoboa mpunga wa kila mama aliyekuwa nje, mpaka wa mwisho akabeba mchele wake akaenda.

Ningeweza kujitetea. Mto si chumba cha mashine, na boti ile ingejaa watu. Lakini nimeisikiliza injini mchana kutwa, na masikio yangu ndiyo kazi yangu. Nikamwita yule binti, nikamwambia yote: boti, lori, uzi, kicheko. Alijua mama yake aliondoka kwa miguu. Hakujua kwa nini.

Aliweka mkono wake juu ya injini iliyokuwa bado na joto.

“Leo kuifunga ilikamata wakati gani, mujomba?”

“Nusu saa.”

Akakaa chini juu ya pumba, mwanamke mzima, akaanza kumwita mama yake.