Mlango wa Baba Mkwe

Mji ule wa bomani, kando ya ziwa, ulianza kwa ghala moja na kibanda cha askari. Nani angejali? Kisha yakaja maduka, zikaja nyumba za makarani, na kila kukicha kigingi kipya kimechomekwa palipokuwa na mgomba. Bibi yangu Tusekile alisema mji huo haushibi, na hakusema kwa sauti ndogo.

Migomba ile haikuwa ya kula tu. Ilisimama kati ya nyumba yake na nyumba ya baba mkwe wake, na kwetu Wanyakyusa mwanamke hakutani na baba mkwe. Hamtazami, hatamki jina lake, akimsikia anakohoa anajificha vichakani. Bibi alikuwa amebatizwa, lakini mwiko huo haukutoka na maji. Kila siku alipita nyuma ya migomba kwenda kwenye shamba lake la mpunga, mzee naye akiota jua uani kwake kwa raha zake.

Mpunga ulipoanza kuiva, ikaja barabara. Migomba yote ikalazwa chini. Upande mmoja maduka, upande wa pili tope la kumeza mtu. Njia ya shambani ikabaki moja, kukatiza uani kwa mzee, peupe kabisa.

Bibi akamwendea karani Ambrose, msimamizi wa vigingi.

"Baba, mimi nitapita wapi?"

"Si hapo kwa yule mzee? Tena tumekufupishia njia."

"Yule ni baba mkwe wangu!"

"Vizuri. Msalimie."

Bibi alisonya hadi nyumbani. Mumewe Asegelile alikuwa safarini na mizigo ya serikali, kama kawaida yake siku za shida. Ndege wakashiba mpunga, naye amekaa barazani anawasikia, analia kwa hasira.

Asubuhi moja jirani yake Naomi akaja mbio.

"Mama, nenda shambani. Mzee amejifungia ndani. Anasema hatoki mpaka urudi."

"Ndaga fijo," bibi akashukuru, akachukua kisu chake cha kuvunia, akapita uso chini.

Mzee yule aliyependa jua akawa anashinda gizani na moshi, mpaka mavuno yakaisha. Mwaka uliofuata vivyo hivyo, tangu kupanda. Halafu vigingi vikafika kwenye mpunga wenyewe, ungali mbichi. Ambrose alisema hapo ni viwanja vya maduka, watu wake wakaung'oa.

Bibi hakuwa na pa kwenda tena, lakini mlango wa mzee kila asubuhi ulikuwa umefungwa. Akamtuma Naomi amwambie atoke, shamba halipo, hakuna wa kupita.

Naomi akarudi taratibu. Alisema mzee ameuliza kutoka mle ndani: "Nitoke nikaone nini?"