Si Mgomo Ulionikata Vidole

Nawasalimu nyote mlioketi hapa, wenye sukari na mnaowauguza. Mimi ni Mama Swaleh wa Mji wa Kale. Kabla ya maradhi nilikuwa mtu wa kusimama dukani Biashara Street kutwa nzima, nauza kanga na kutaniana na wateja.

Kiatu kilinichubua mguu, karibu na vidole. Sukari ilikuwa juu, kidonda kikakataa kupona, kikatoa usaha na harufu. Kila asubuhi nilikwenda hospitali, Sista Kadzo akanisafisha na kunifunga. Siku moja akaniambia:

"Mama, kesho twagoma. Nimesoma mpaka digrii, na mshahara na cheo ni vya zamani. Kaa kidogo nikuonyeshe kufunga."

Nikacheka. "Kitambaa tu hiki, mwanangu! Mimi nafunga marobota ya kanga tangu hujazaliwa. Kazi yenyewe mnayoigomea ndiyo hii?"

Alinipa bandeji, nikaenda zangu.

Nyumbani nilifunga kama nifungavyo robota. Nilivuta, nikakaza, nikapiga fundo. Mguu ulikuwa na ganzi, sikusikia maumivu, nikajiona fundi. Siku ya tatu nilipofungua, vidole viwili vilikuwa vyeusi. Mwanangu Swaleh alinikimbiza hospitali ya kulipia, vikakatwa.

"Damu haikuwa ikipita," daktari alisema. Nilijua papo hapo ni mikono yangu. Sikumwambia mtu.

Mgomo ulipokwisha nilirudi kwa Sista Kadzo. Swaleh akamkabili mbele ya wagonjwa: "Mumemkata mamangu vidole kwa tamaa ya pesa!"

Sista alinitazama. Mimi nikatazama sakafu. Akavaa glavu, akapiga magoti, akanisafisha, na akaendelea hivyo mpaka kidonda kikafunga. Siku zote hizo nilikuwa na ulimi, nisiutumie. Mtaani wakisema mgomo umenila vidole, naitikia. Naona haya, jamani, haya ya kweli.

Alhamdulillahi, leo natembea. Namshukuru Mungu, namshukuru na Kadzo. Nawaombeni mkague miguu yenu kila siku, hata pasipouma. Na muuguzi akikwambia kaa akuonyeshe, kaa. Usijifanye wajua.

Swaleh, mwanangu, umeketi pale nyuma na sasa umesikia. Yule uliyemtukana hakuwa na kosa. Kesho nipeleke kwake. Nitasema mimi kwanza.