Stelingi Haui Bure

Siku yangu ya kwanza kazini, katika banda la video pale Kirumba, Meneja alinikabidhi maiki, akapunguza sauti ya televisheni na kuniambia nianze kutafsiri filamu ya Kichina. Nikamwambia Kichina sikijui. Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nani anakijua? Kariri jambo moja tu: stelingi haui bure. Akiua, mpe sababu. Watu watoke hapa roho zao zimetulia."

Stelingi, kwa ninyi mnaotazama filamu kwenye simu, ni mhusika mkuu. Anayepambana naye tulimwita adui. Mimi nilikaa kando ya televisheni nikisema badala ya wote wawili, na wanawake na watoto wao pia. Nilianzia Kirumba, nikahamishiwa Buzuruga, nikamalizia Buhongwa. Watu walikuja kunisikiliza mimi kuliko kutazama, na sisemi hivyo kwa kujivuna. Haya, najivuna kidogo.

Nyumbani nilipenda kusoma riwaya. Huko muuaji hakuwa na raha: aliua mwanzoni, na kurasa zote zilizobaki chakula hakikupita kooni. Nikamweleza Meneja.

"Kitabu mtu anasoma peke yake," akasema, "ndiyo maana anaanza kujihukumu. Hapa wako sitini, wanashangilia."

Nikaendelea kugawa sababu.

Pale Buhongwa tulikuwa na filamu moja ambamo stelingi anamuua bibi kizee, kisha anapiga magoti na kusema maneno machache. Kwa nini alimuua sikuelewa, kwa hiyo nikabuni: bibi alikuwa mchawi, alimmaliza baba yake. Pale penye magoti nilisema, "Baba, sasa lala. Nyumba ni safi." Banda zima lilipiga makofi.

Masalu, fundi baiskeli, aliitazama mara nne. Alhamisi moja akanifuata nje.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Yule stelingi, baada ya kumuua yule bibi, alilala kweli?"

Nikamuuliza kwa nini. Akaangalia chini. "Baba amefariki mwezi juzi. Mganga ametuonyesha aliyemroga ni shangazi. Kaka zangu wamesema Jumamosi, tukitoka kwenye video yako."

Shangazi yake nilimfahamu: mjane, macho mekundu kwa moshi wa jikoni, aliyeuza karanga mlangoni pa banda letu. Niliogopa sana. Nilikimbilia kwa mwenyekiti wa mtaa, nikaambiwa yuko msibani Shinyanga. Nikamwendea shangazi mwenyewe, nikamsihi aondoke.

"Niende wapi? Masalu nimembeba mgongoni huyu," akasema, akanifungia karanga.

Jumamosi mchana ndugu watatu walikaa benchi la mbele, Masalu katikati. Stelingi alipopiga magoti, nilishika maiki kwa mikono miwili. Nikasema, "Huyu alinilea. Nimefanya nini? Sasa nani atanifungulia mlango?"

Watazamaji wakanizomea. "Tafsiri sawasawa, mzee!" Meneja akaja kuninyang'anya maiki; nikaikumbatia, nikaendelea kueleza chakula kisichopita na usingizi usiokuja, mpaka akachomoa waya.

Masalu alinikuta nje. "Mbona leo umebadilisha?"

"Siku zote nilikuwa nakosea. Leo ndiyo sahihi."

Ulikuwa uongo mtupu. Akaenda mlangoni, akampakia shangazi yake kwenye baiskeli na kumpeleka Magu, kwa binti wa huyo shangazi. Kaka zake wakamsusa. Mimi nikastaafu siku hiyohiyo, kama kufukuzwa nako ni kustaafu.

Juzi mjukuu wangu Neema aliipata filamu ile kwenye simu, ina maandishi ya Kiingereza chini. Nikamwomba anisomee kipande cha magoti tu.

"Anasema, 'Nisamehe, mama.'"

"Habari za baba yake je?"

"Hakuna, babu. Anarudia hilohilo. 'Nisamehe, mama.'"

Nikamwambia azime. Miaka yote ile mtu alikuwa akiomba msamaha mbele ya watu sitini, na mimi ndiye niliyemziba mdomo.