Vidole Vinne vya Pindo

Siku yangu ya kwanza kazini pale Kitale, Fundi Mkuu aliniita mjinga kabla sijamaliza hata sketi moja. Miaka ya elfu mbili ndiyo ilikuwa inaanza, na mimi nilikuwa mama wa watoto wanne. Niliacha shule darasa la tano. Kwa hivyo ninyi wajukuu mnaosoma hii, msinitafutie makosa ya kuandika. Tafuteni makosa kwa mshono wangu, hamtayapata.

Duka letu lilikuwa na cherehani sita za kukanyaga na pasi moja ya makaa. Tulishona sare za shule. Kazi niliyopewa ilikuwa sketi ya buluu ya shule moja ya bweni ya wasichana, upande wa kwenda Suam. Nikaishona vizuri, nikafika kwa pindo, yaani ile sehemu ya chini inayokunjwa ndani. Wenzangu walikunja vidole viwili. Mimi nikakunja vinne.

Fundi Mkuu alikuwa mzee mwembamba mwenye tepu shingoni kama tai. Akaishika ile sketi, akaipindua.

"Mama, hii ni pindo ama ni gunia ya mahindi?"

"Ni pindo, Fundi. Mtoto atarefuka."

"Akirefuka si aje anunue ingine? Wewe unataka nifunge duka?"

"Na mama yake akikosa?"

"Hiyo si shida ya cherehani." Wenzangu wakacheka. Akanisogelea. "Kwani huyo mtoto ni wako?"

"Hapana, Fundi."

"Sasa hivyo vidole viwili vya kuzidi ni vya nani?"

Nikamjibu bila kufikiri, "Ni vya Mungu."

Duka lote likaangua kicheko, na tangu hapo nikaitwa Mama Pindo. Lakini Fundi Mkuu hakuwa mtu wa kucheka tu, alikuwa mtu wa kupima. Ile sketi ilikuwa ya vipande sita, kila kipande chembamba kiunoni na kipana chini. Wengine walipanga vipande vyote vikitazama upande mmoja. Mimi nilivilaza kimoja kichwa juu, kingine kichwa chini, kama watoto wengi kwa kitanda kimoja. Hapo kitambaa kinabaki. Alipima mabaki yangu, akapima ya wenzangu, yangu yakazidi. Jioni akaniambia, "Endelea na vidole vyako. Lakini usinifundishie watu." Wiki iliyofuata nilimkuta yeye mwenyewe akilaza vipande kichwa juu, kichwa chini. Mkubwa anayekubali kujifunza kwa mtu wa darasa la tano, huyo nitamheshimu mpaka nife.

Kila pindo nililomaliza, niliweka ndani yake msalaba mdogo wa uzi mweupe, hauzidi punje ya mtama. Nikiuweka nilisema, "Baba, huyu mtoto simjui, wewe unamjua." Hiyo ndiyo ilikuwa sala yangu ya kazini. Mtu anayekanyaga cherehani hana nafasi ya sala ndefu.

Miaka sita ikapita. Mama mkwe wangu akaugua, tukarudi nyumbani Myanga. Nikapata kazi Bungoma, chumba cha kushonea cha shule moja ya bweni, kushona mashuka na mapazia. Mkubwa wangu sasa alikuwa Matroni, mama mnene aliyehesabu mpaka sindano zilizovunjika. Alinipa ufunguo wa stoo mwezi wa pili tu. Alisema, "Mama Nekesa, uso wako haujui kuficha kitu."

Nekesa ni kifungua mimba wangu. Mwaka huo aliitwa fomu wani kule kule, kwa ile shule ya sketi za buluu. Kanisa lilitusaidia karo, Mungu awabariki. Lakini mvua ilikuwa imetunyeshea mahindi yakiwa shambani, yakaoza, na sare ikakosekana. Barua ilisema wazi: sketi ivuke magoti, la sivyo mtoto hapiti getini.

Na Nekesa alikuwa mrefu! Nilizunguka mitumba soko zima la Bungoma na Sirisia. Kila sketi ya buluu iliishia juu ya magoti. Nilifumua mapindo kwa kucha pale pale sokoni, nikakuta vidole viwili, kimoja na nusu. Nilitukana mafundi wote wa Kenya kimoyomoyo.

Na kwa ile stoo niliyokuwa na ufunguo wake, kulikuwa na robota nzima ya kitambaa cha buluu ile ile. Ijumaa nilimwambia mume wangu. Nilitaka aniambie chukua.

"Hiyo kitambaa ina mwenyewe," akasema.

"Jumatatu ya kuripoti ndiyo hii, Baba Nekesa. Wewe una nini?"

"Niko na magoti." Akapiga magoti karibu na jiko, sisi wote tukamfuata. "Baba, yale maua ya kondeni unavisha. Huyu Nekesa ni mrefu kushinda maua, lakini hakushindi. Amina." Watoto wakacheka, na Nekesa naye akacheka huku analia. Mimi nilikasirika. Niliona mwanaume anafanya mzaha. Sasa ndio najua kwamba yeye peke yake ndiye hakuwa anahangaika.

Jumamosi nikaenda kazini, ufunguo wa stoo mfukoni kama kaa la moto. Matroni akanitupia mfuko wa nguo kuukuu kutoka nyumbani kwake. "Kata hizi, ziwe vitambaa vya kupangusia mashine."

Nikakata shati. Nikakata gauni. Nguo ya tatu ilikuwa sketi ya buluu, ya vipande sita. Mkono ulijua kabla ya macho. Nikapindua pindo: vidole vinne. Ndani yake, msalaba mweupe.

"Matroni, hii siwezi kukata."

"Kwa nini? Ina nini?"

"Nimeishona mimi." Nikamweleza yote, mpaka habari ya ile robota niliyoitamani stoo.

Akakaa chini. "Hiyo ilikuwa ya mpwa wangu. Miaka minne alikaa na hiyo sketi na hakuongezeka hata kidole. Tulikuwa tunamwita Stuli." Tukacheka mpaka tukafuta machozi. "Chukua, mama. Na ufunguo baki nayo."

Nilipofumua, ile sehemu iliyokuwa ndani ilitoka buluu mbichi, na juu kulikuwa kumepauka.

"Mayi, mama yangu, watanicheka," Nekesa akasema. "Sketi iko na rangi mbili."

"Waambie ya chini ni ya Mungu."

Ilivuka magoti. Alipita getini.

Leo Nekesa ni mwalimu, na mimi nimestaafu. Macho yamekataa tundu la sindano. Fundi Mkuu alishafariki, na ndilo jambo linaloniuma, kwa sababu kuna swali lake nililomjibu vibaya siku ile ya kwanza. Aliniuliza kama huyo mtoto ni wangu. Nikasema hapana.